Vitabu vya vita nilivyosoma lindoni Kizota

Mara ya kwanza jina langu kuandikwa kwa wino mwekundu kwenye kitabu cha matukio, maneno yalikuwa haya: "Saa 8:20 usiku, mlinzi amekutwa amelala, kitabu kifuani." Kitabu chenyewe kilikuwa cha Clausewitz, yule Mjerumani wa Prussia aliyeandika juu ya vita. Nilikuwa nimefika ukurasa wa nne.

Nilikuwa nalinda ghala la alizeti na mtama huku Kizota, Dodoma, zamu ya usiku, saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Mafunzo ya mgambo nilishapitia kijijini, na kwa kuwa najua kupiga kwata na kunyoosha sare, nilijiona naujua ujeshi. Vitabu nilivitoa kwa jamaa anayetandika turubai karibu na Soko la Majengo, vya mitumba, vingine havina jalada. Huyo Clausewitz nilimpata kwa shilingi 3,000, nikaongezewa na kitabu cha mapishi ambacho dada yangu anacho mpaka leo. Sikuwa na nia ya usomi. Usiku ni mrefu, simu inaisha chaji, na upepo wa Dodoma mwezi wa saba hauna simile. Nilitaka kitu cha kunikesha, nacho ndicho kikanilaza.

Aliyeniokoa ni jirani wa ghala, mzee mstaafu wa JWTZ aliyepigana Uganda. Usingizi wake ni wa kuibia ibia, kwa hiyo saa 10 alfajiri hutoka na kiti chake cha kukunja na birika la kahawa, akaja kukaa nami getini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia umeandikwa."

"Nimeandikwa."

Akachukua kitabu, akakigeuza geuza, akanirudishia. "Kruta hapewi mzinga siku ya kwanza. Tafuta kitu unachoweza kukisoma kwa sauti huku unatembea."

Hapo ndipo nilipofanikiwa. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliniazima fotokopi ya Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Wadachi ndio Wajerumani. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kimoja mizani nane, na nilikuja kugundua kwamba upande mmoja wa lile ghala, kutoka getini mpaka kona ya choo, ni ubeti mmoja kamili kwa mwendo wa lindo. Kona, ubeti. Kona, ubeti. Nikawa sisinzii tena, na msimamizi akija na pikipiki yake ananikuta natembea nanong'ona. Nadhani alifikiri nasali.

Nilitegemea kukuta risasi na mapanga. Yapo, lakini kilichonishika ni chanzo cha vita yenyewe. Aprili 1888 Sultani Khalifa alitia saini mkataba Unguja, akawapa Wajerumani wa kampuni ya biashara mamlaka ya kuendesha pwani ya Mrima. Agosti yake wakaja kupandisha bendera yao. Watu wa Pangani wanaambiwa kuanzia leo ushuru mnampa huyu. Nani kawauliza? Abushiri akainuka, na Bwana Heri kule Saadani. Kumbe moto ule ulifika na kwetu: mwaka 1889 Abushiri alikuja hadi Mpwapwa akakishambulia kituo cha Wajerumani. Desemba mwaka huohuo akanyongwa Pangani. Nimezaliwa mkoa huu, nimepita Mpwapwa mara sijui ngapi, na hilo nililijua kwa kutembea kuzunguka magunia ya alizeti.

Nikaanza kuweka daftari. Ukurasa niliupiga mstari katikati: kushoto naandika nani kaamuru, kulia naandika nani kalisha. Upande wa kulia sikuubuni mimi. Nilimsoma Sun Tzu, Mchina wa kale, kitabu chembamba unachoweza kumaliza usiku mmoja kama hakuna magari. Watu humnukuu kwa ujanja wa kumzunguka adui. Mimi niliganda sura ya mwisho, anaposema ukitoa jeshi la watu 100,000, kaya 700,000 zinakwama kazi zake za shamba. Kaya saba kwa askari mmoja! Nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mtama nilipoisoma hiyo, nikainuka.

Kwa sababu nilishawahi kuisikia hesabu hiyo kwa mdomo mwingine. Bibi yangu, Mgogo wa Bahi, alipokuwa akitukaripia tukigombania chakula alikuwa anasema, "Nyie mnaleta Mtunya." Tulidhani ni tusi la mapenzi. Mtunya ndilo jina la njaa ya Ugogo ya mwaka 1917 hadi 1920, na maana yake ni kugombania, kunyang'anyana. Vita Kuu ya Kwanza ilipopita hapa, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Julai 1916 jeshi la Waingereza likaingia Dodoma, nalo likachukua kilichobaki. Mvua zilipogoma hapakuwa na akiba ghalani wala mifugo ya kuuza. Walikufa watu wapatao 30,000, katika nchi yenye watu kama 150,000. Bibi alisimuliwa na mama yake kwamba shangazi mmoja aliachwa kwa watu ili familia ipate kibuyu cha mtama, na hakurudi. Alikuwa hasimulii zaidi ya hapo.

Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, na akarudi kwao kupokewa kama shujaa asiyeshindwa. Katika daftari langu, upande wa kushoto wa vita hiyo kuna majina ya majenerali. Upande wa kulia niliandika: Ugogo.

Machiavelli, Mtaliano wa mambo ya siasa, nilimpitia haraka, sema kuna jambo lake moja kila mgambo alijue. Mwaka 1506 huyu bwana alianzisha jeshi la wananchi huko Florence kwa kuwa hakuwaamini askari wa kukodi. Mwaka 1512 mgambo wake wakatimua mbio Prato, serikali ikaanguka, yeye akafukuzwa kazi na kuteswa. Ndipo akakaa chini kuandika jinsi ya kutawala. Nilimsoma kwa tahadhari.

Aliyekuja kutukosanisha, mimi na mzee, ni Sun Tzu. Kuna mahali anasema zipo amri za mfalme ambazo jemadari hapaswi kuzifuata. Nilifurahi, nikamsomea mzee alfajiri ileile, nikitegemea acheke. Akaweka kikombe chini.

"Unajua Lugalo iliitwaje zamani?"

"Colito."

"Basi unajua."

Nikaambiwa hata hivyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi pale Colito, kambi ya jeshi ya Dar es Salaam. Madai yao yalikuwa mishahara, na maofisa Waingereza waondoke ili Waafrika washike nafasi. "Madai ya haki kabisa," mzee alisema, "lakini waliyasema wameshika bunduki." Serikali ya nchi changa, haijatimiza hata miaka mitatu ya uhuru, ikalazimika kumwomba Mwingereza huyohuyo alete wanajeshi wake. Walitua tarehe 25. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo ikazaliwa JWTZ, yeye akajiunga miaka kadhaa baadaye. "Sisi tulipofundishwa kutii, tulikuwa tunafundishwa hilo. Usiniletee Mchina wako."

Siku tatu hakuja getini.

Siku hizo nilizitumia kusoma kitabu ambacho hakuna anayekiita cha vita, Katiba ya Jamhuri ya Muungano. Nakala yangu imekunjamana maana nilikuwa naiweka mfuko wa nyuma. Ibara ya 147 inakataza mtu, shirika au kikundi chochote kuunda jeshi, isipokuwa Serikali, na inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa. Ibara ya 44 inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, halafu inamwekea kamba: nakala ya tangazo iende kwa Spika, na ndani ya siku 14 Bunge liitwe lifikirie kuunga mkono au kutounga mkono. Bunge lenyewe liko hapahapa mjini, wabunge wakija bei ya chumba inapanda. Sikuwahi kufikiri kwamba ndani ya jengo lile kuna watu ambao siku ikifika watapaswa kuulizwa: twende au tusiende?

Mzee aliporudi nilimwonyesha ibara ya 44 kabla hajakaa. Akaisoma kwa tochi, midomo ikicheza. Kisha akanipa kitu ambacho sijakikuta kwenye kitabu chochote.

"Vitani nilipopewa amri nisiyoielewa, sikukataa. Nilisema, naomba kurudia amri, afande. Halafu nairudia kwa sauti, platuni nzima isikie, neno kwa neno, na jina la aliyeitoa. Amri nzuri ikirudiwa inazidi kuwa nzuri. Zile nyingine, nusu yake afande mwenyewe alikuwa anasema, subiri kwanza."

Kuanzia hapo tukamrudia Clausewitz kwa pamoja, mimi nasoma Kiingereza kwa kamusi, yeye anatafsiri kwa maisha yake. Sehemu nyingine zilitushinda, tukaruka. Lakini sura ya kwanza, anaposema ukitaka kumpima adui upime vitu viwili, uwezo alionao na nia yake, mzee alipiga goti lake kofi. Novemba 1978, baada ya Amin kuivamia Kagera, Nyerere aliwaambia wananchi kwamba tuna uwezo wa kumpiga, tuna nia, na tuna sababu. "Huyu wako ana viwili," akasema. "Mwalimu alikuwa na vitatu." Nikabisha kwamba sababu ipo, ndiyo ile siasa ambayo Clausewitz anasema vita ni mwendelezo wake kwa njia nyingine. Tulibishana mpaka adhana. Kwa njia, huyo Clausewitz alikufa mwaka 1831 kabla ya kumaliza. Mkewe, Marie, ndiye aliyezikusanya karatasi akazichapisha. Mzee alisema hapo ndipo alipomwamini.

Kuhusu nani alilisha vita ya Kagera, hakuwa na haja ya kitabu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, nchi ikaambiwa ifunge mkanda miezi 18. "Mwanangu," akaniambia, "mimi ile miezi bado naihesabu."

Sasa lile Fuso. Lilikuja saa 7 usiku, mwezi wa tisa, taa moja mbovu. Dereva akasema katumwa kuchukua magunia 40 ya mtama. Hati ya kutolea mzigo hana. Akanipa simu, upande wa pili ni msimamizi wangu.

"Fungua. Hiyo ni amri."

Sitajisifu, miguu ilikuwa inatetemeka. Kazi zenyewe zinavyopatikana! Kichwani nilikuwa na Mchina upande mmoja na Colito upande mwingine. Nikafungua kitabu cha matukio juu ya kiti cha mzee, nikabana tochi shingoni.

"Naomba kurudia amri, afande. Saa 7:10 usiku. Magunia 40 ya mtama yatoke bila hati. Ameamuru..." nikataja jina lake lote, na la ukoo. "Nimeandika sawa?"

Kimya. Nasikia anavyopumua.

"Andika gari limekuja."

"Na aliyeamuru niandike nani?"

Simu ikakatwa. Fuso likakaa pale na injini inaunguruma, utingo anatafuna karanga na kutema maganda dirishani, mimi nimesimama na kalamu. Nilihesabu beti sita kichwani. Kisha likarudi kinyumenyume mpaka barabarani, likaondoka.

Asubuhi niliyakuta maganda ya karanga getini nikayafagia. Mtama ule ulikuwa wa halali au wa kuibwa, hakuna aliyeniambia, na mwenye ghala hakuniuliza kitu. Baada ya wiki tatu nikapewa barua ya kuhamishwa lindo, kwenda kulinda jengo linalojengwa Ihumwa. Barua ilikuwa na mhuri, na sahihi ya msimamizi ilikuwa chini yake, wazi kabisa, jina lote. Mzee aliisoma mara mbili akanirudishia.

"Hiyo sasa ni amri," akasema. "Nenda."

Lindo la Ihumwa halina umeme bado, kwa hiyo kitabu hakisomeki. Nazunguka mifuko ya saruji na nondo nikisema zile nilizozihifadhi. Kiwanja ni kikubwa. Kutoka geti la mabati mpaka kona ya kwanza zinakwenda beti tatu, na ya nne unaianzia kwenye upepo.