Sungura kwenye ploti: anza na sakafu kavu

Majike mawili na dume moja wanatosha nyumba ya watu watano, na nafasi yao haizidi ukuta mmoja wa nyuma, iwe ni Kasarani au Dagoretti jijini Nairobi. Kila jike akizaa mara 5 kwa mwaka na kukuza watoto 6, hao ni sungura 60. Mmoja wa kilo 2.5 hutoa takriban kilo 1.3 ya nyama, kwa hiyo mezani ni kilo moja na nusu kila wiki.

Hesabu hiyo huharibiwa na unyevu. Vijidudu vya koksidia hutoka na kinyesi, na kinyesi kikikaa kwenye majimaji hukomaa na kurudi tumboni kupitia chakula. Ndiyo maana watoto wa wiki 5 hadi 8 huharisha na kufa wakati mama yao mzima anakula vizuri. Sakafu iwe ya ule waya wa trei za kuanikia kahawa, matundu ya nusu inchi, ili kinyesi kidondoke chini. Waya wa kuku hulegea na kukata nyayo. Weka pia kipande cha ubao mkavu cha kupumzikia. Jike apate sentimita 75 kwa 60, kimo 45, na kizimba kiwe mita moja juu ya ardhi. Miguu ya kizimba isimame ndani ya mikebe yenye oili chafu, kwa sababu siafu wakiingia usiku hawabakizi mtoto.

Baridi ya Julai sungura huivumilia. Upepo na mvua ya pembeni ndivyo vinavyomdhuru, basi teremsha gunia upande huo. Usizibe pande zote kwa nailoni: harufu ya mkojo ikijaa ndani, mafua hayataisha.

Chakula chake cha msingi ni nyasi kavu, zisikosekane mchana wala usiku, na gramu 120 hivi za peleti (chakula cha dukani cha vipande vilivyoshindiliwa) kwa siku kwa mkubwa. Mabaki ya sukuma wiki kutoka sokoni yaoshwe, yaanikwe kivulini mpaka yanyauke, kisha umpe kidogo. Yakirundikwa mabichi yanachacha, na sungura hawezi kutapika wala kucheua, kwa hiyo tumbo hufura. Majani ya parachichi, nyanya na viazi vya kawaida ni sumu. Ya viazi vitamu ni mazuri.

Kupandisha, mpeleke jike kwa dume, kamwe si dume kwa jike, maana jike hulinda kwake na atamuuma. Dume akianguka ubavu, kazi imekwisha. Andika tarehe. Siku ya 28 weka sanduku la sentimita 45 kwa 30 lenye nyasi laini. Huzaa karibu siku ya 31.

Hapa wengi hushtuka: mama haonekani kunyonyesha. Ni kawaida yake, hunyonyesha mara moja au mbili kwa siku, dakika chache tu. Asubuhi gusa matumbo ya watoto. Yaliyojaa na kukaza kama kibofu kidogo yameshiba. Ngozi iliyokunjamana ina njaa, na huyo apewe jike mwingine aliyezaa siku hizohizo. Ndiyo faida ya kupandisha majike mawili wiki moja.

Waachishe kwenye wiki ya 6, kwa kumhamisha mama na kuwaacha watoto palepale walipozoea. Peleti zao zisibadilishwe kwa siku 7 za kwanza.