Uso wa Geta

Nilipokuwa nasoma London, dada mmoja wa Mombasa tuliyekuwa naye darasani aliniombea nafasi tuingie chumba cha sarafu cha jumba moja la makumbusho. Mhifadhi akatuwekea mbele trei ya shaba za Asia Ndogo, Uturuki ya leo. Warumi walijishikia dhahabu na sehemu kubwa ya fedha, ila pesa ya sokoni waliiachia miji ya Wagiriki ijipigie yenyewe. Ndiyo maana upande mmoja yupo kaisari, upande wa pili miungu ya mji, na maandishi ni ya Kigiriki.

Iliyonishika ni ya Stratonicea, mji wa Karia, jimbo la hukohuko Asia Ndogo. Nzito, pana kupita kizibo cha soda. Nyuma amesimama mungu wa kike Hekate na mwenge wake, mbwa miguuni. Nikaigeuza. Kaisari Caracalla, shada la majani kichwani, anamkodolea macho mtu aliye mbele yake, na mbele yake hapana mtu. Nikaisogeza kwenye taa: patasi imechimba uso mzima, ikafuata na herufi za jina ukingoni. Umesalia mkunjo mmoja tu wa nguo, begani.

Huyo alikuwa Geta, mdogo wake. Baba yao, kaisari Septimius Severus, alifia York, Uingereza, mwezi wa Februari 211, akawaachia utawala wote wawili. Desemba hiyohiyo Caracalla akamuua nduguye mikononi mwa mama yao, Julia Domna. Geta alikuwa na miaka 22. Ikaamriwa jina na sura yake vifutwe kila mahali.

"Si wangeziyeyusha tu?" nikauliza.

"Shaba ni mali, ndugu yangu," dada akanijibu. "Mji utanunulia nini kesho?"

Akanionyesha alama ndogo ya kichwa chenye kofia ya vita, iliyogongwa juu ya sarafu. Maana yake pesa hii iliendelea kutumika, imefutwa hivyohivyo. Nilihuzunika kuliko nilivyotarajia. Amri imetoka Roma, lakini wa kushika patasi ni fundi wa Karia, sarafu kwa sarafu, na mtu akienda kununua samaki anamlipa muuzaji kwa ndugu aliyeuawa.

Mhifadhi akaleta nyingine ya mji uleule. Hii haikuchimbwa kwa hasira. Aliyeifuta amesugua polepole mpaka pakawa laini kabisa. Mikono miwili tofauti, amri moja.