Gauni la Mama na Majina ya Dawa

Ninaishi na baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa viungo, na asubuhi vidole vyangu hukakamaa kiasi kwamba kutunga uzi kwenye sindano huwa ni kazi inayojitegemea. Kwa sasa ninadarizi gauni la marehemu mama, lililochujuka mabegani, nikiandika juu yake kwa uzi mwekundu majina ya dawa ninazomeza. Mishono ya siku njema ni midogo na imenyooka. Ya siku mbaya ni mirefu na imepinda, nami siifumui (mafundi cherehani watanisamehe), kwa kuwa humo ndimo ugonjwa unapoonekana.

Kazi inayonigusa kuliko zote ni lile blanketi kubwa la viraka la kuwakumbuka waliofariki kwa UKIMWI, lililotandazwa Washington mwaka 1987 likiwa na vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, takriban ukubwa wa kaburi. Baadhi ya washonaji walitumia nguo za wapendwa wao wenyewe, jambo ambalo mchoro wa rangi hauliwezi, kwa sababu nguo hizo zilikwisha kuvaliwa na mwili uliougua.