.ts ya kwaya na .ts ya kodi: nilivyozitenganisha kwenye kompyuta moja

Kompyuta ya steshenari yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ina kazi mbili. Mchana naandika programu kwa TypeScript, lugha ya kuandikia programu, jioni nakata video za kwaya ambazo watu wanarekodi kwenye flashi kutoka kwenye kisimbuzi. Faili la kodi, yaani maandishi ya programu, ya TypeScript linaishia na .ts. Rekodi ya kisimbuzi nayo inaishia na .ts. Nilipoweka programu ya kuandikia kodi, kila video niliyobofya ilikimbilia huko na kutoa herufi zisizosomeka. Mteja akiona vile anajua flashi yake imeshaingia virusi.

Windows haichunguzi kilichomo ndani ya faili, inasoma herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho basi. Wewe chunguza. Video ya .ts imegawanywa vipande vya baiti 188, na kila kipande kinaanza na baiti 71, yaani herufi G. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kwenye folda husika, uandike:

(Get-Content kwaya.ts -Encoding Byte -TotalCount 189)[0,188]

Zikitoka 71 na 71, hiyo ni video, mwenye flashi atulie. Kwenye PowerShell 7 weka -AsByteStream mahali pa -Encoding Byte.

Ushauri niliopewa mwanzoni ulinichosha. Kufuta VLC, programu yangu ya kuchezea video, na kuiweka upya hakukubadilisha kitu. Fundi mmoja akachukua elfu kumi na kitu, akafungua cmd, dirisha lingine la amri, kama msimamizi na kuandika assoc .ts=VLC.ts. Amri ikakubali, haikutoa kosa lolote, na video zikaendelea kufunguka kwenye programu ya kodi! Sababu ni kwamba assoc inaandika mpangilio wa kompyuta nzima, wakati chaguo la mtumiaji limehifadhiwa pembeni kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya FileExts, kwenye ufunguo unaoitwa UserChoice, na hilo ndilo lenye nguvu. Nikasema basi nitabadilisha UserChoice kwa mkono. Usijaribu. Tangu Windows 8 pale pana thamani ya Hash, alama ya uthibitisho inayolinda chaguo; ukigusa jina la programu bila Hash kulingana, Windows inalikataa chaguo lako.

Halafu nikaona njia ya mkato: nibadilishe majina ya video yawe .mts, kama zinavyofanya kamera za video za AVCHD. Siku mbili tatu nikajiona nimemaliza. Kumbe TypeScript 4.7 ya mwaka 2022 imeichukua .mts pia kwa moduli zake, na programu ya kodi inaitambua. Nikawa nimehamisha ugomvi kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Kilichofanya kazi ni kuiachia kodi .ts yake, kwa sababu mafaili yale nayafungua mara mamia kwa siku, na kuitoa video kwenye kiendelezi hicho kabisa. Ninatumia ffmpeg, programu ya kugeuza video kwa amri, gharama ni bando la kuipakua tu. Bonyeza Windows+R, andika shell:sendto, na kwenye folda itakayofunguka tengeneza faili la Notepad lenye mstari huu, ulihifadhi kwa jina video.bat:

ffmpeg -fflags +genpts -i "%~1" -c copy "%~dpn1.mkv"

Kuanzia hapo ni kubofya faili kwa kitufe cha kulia, Send to, video.bat. Kwenye Windows 11 pitia kwanza Show more options. Neno copy ndilo la thamani: picha na sauti hazisagwi upya, ubora unabaki ule ule, na hata rekodi ya saa nzima haikuchoshi kusubiri. Ile genpts usiiondoe, maana rekodi za kisimbuzi mara nyingi zina alama za muda zinazokosekana, na mkv, aina ya faili la video tunalotengeneza, inazigomea. Nilichagua mkv kwa kuwa inapokea bila shida sauti ya MP2 inayotumika sana kwenye matangazo.

Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la GB 4, kwa hiyo ibada ndefu inaweza kuja vipande viwili. Viunge kwenye cmd kabla ya kugeuza, vikiwa bado .ts:

copy /b sehemu1.ts+sehemu2.ts ibada.ts

Ukisahau /b, cmd inaviunga kama maandishi na inaweza kukata video katikati.