Njia Nilizoonyeshwa na Wabeba Ndizi

Nimezaliwa Busia, mpakani, huko huko ambako jina la boda boda lilianzia, baiskeli zikivusha watu kutoka upande wa Uganda hadi upande wa Kenya. Baba alifanya kazi hiyo miaka mingi. Kunyonga baiskeli nilijua tangu utotoni, lakini kuzunguka nchi yangu, Uganda, nikiitazama nilianza nikiwa na miaka 34, na mara ya kwanza nilichagua njia vibaya.

Ilikuwa Ziwa Bunyonyi, Kabale. Nilikuwa nimeona picha za visiwa na vilima vyenye matuta, nikafungua ramani ya simu na kufuata njia fupi kuliko zote. Mwezi wa nne, mvua za masika zimekolea. Njia ilipanda moja kwa moja katikati ya mashamba ya mtama, na udongo ukajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Nakwangua kwa kijiti, nasukuma hatua ishirini, nakwangua tena. Ziwa liko pale chini, zuri kupita picha zote, nami sina hata nafasi ya kuinua macho. Nilirudi mjini usiku, nimepanda nyuma ya pikipiki, baiskeli nimeipakata mapajani.

Januari iliyofuata nikaenda Fort Portal, kwenye maziwa yaliyozaliwa na volkano. Safari hii ramani niliiacha mfukoni. Asubuhi barabarani nilimkuta mzee akisukuma baiskeli yenye mikungu sita ya matoke, imefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu. Kwenye usukani alikuwa amefunga fimbo ndefu ya kuongozea, na nyuma ya kiti kijiti kingine kilichosimama, cha kusukumia. Hakukuwa na pa kukaa. Alikuwa mtu wa Kasese, Kiswahili chake safi.

"Habari ya kazi, mzee?"

"Nzuri, mama. Unakwenda wapi na baiskeli isiyo na mzigo?"

Nikamwambia nataka kuyaona maziwa. Akaegemeza baiskeli kwenye mti, akanyoosha mkono. "Hii barabara inapanda kila kilima, kwa sababu gari halichoki. Sisi tunapita ubavuni. Ukifika kwenye mkaratusi mkubwa, shika kushoto."

Nilishika kushoto. Kijia kilizunguka kilima bila kukipanda, udongo umeshindiliwa na miaka ya matairi yenye mizigo, kivuli cha migomba pande zote, na kila baada ya mwendo kidogo kuna kisima au mti ambao watu hupumzika chini yake. Nilitokea juu ya Ziwa Nyinambuga, lile la kwenye noti ya 20,000, nikiwa bado na pumzi ya kuongea. Nilikaa pale saa nzima nikitazama kivuli cha wingu kikivuka maji.

Tangu hapo ndivyo ninavyochagua. Nafika jioni, nalala, asubuhi natafuta wanaobeba mizigo kwa baiskeli: ndizi, maziwa, mkaa. Nawauliza maswali matatu: wapi mnashuka na kusukuma, wapi mnakunywa maji, na mvua ikinyesha mnapita wapi. Hilo la mwisho ndilo linalookoa siku. Bunyonyi nilirudi mwezi wa saba, ardhi kavu, nikafuata ufuo kuelekea Muko, na hapo ndipo nilipoliona ziwa kweli.

Hifadhi ya Ziwa Mburo ni habari nyingine, kwa kuwa huko hakuna wabeba ndizi wa kuwauliza. Baiskeli zinaruhusiwa, ila unakwenda na askari wa hifadhi, na amri yake ni amri: nyati wapo. Nchi ni tambarare na miiba ya mgunga, kwa hiyo beba tyubu mbili na viraka vya kutosha. Mimi nilipata pancha mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Ya tatu niliiziba pundamilia wakinitazama, karibu kiasi cha kusikia wanavyong'oa nyasi.

Sasa nataka Sipi, kwenye mteremko wa Mlima Elgon, penye maporomoko matatu na mashamba ya kahawa. Nimeshampigia simu binamu yangu aliye Mbale aniulizie sokoni: kahawa ya huko juu inashushwa kwa njia ipi?