Kadi ya Kliniki Iliyoniokolea Usajili

Simu iliingia saa tatu usiku, zikiwa zimebaki siku 6 dirisha dogo la usajili lifungwe. Nilikuwa Wandegeya, hapa Kampala, nimesimama kwa muuza rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, na mayai yameshamwagwa kwenye kikaango. Aliyepiga alikuwa katibu wa klabu moja ya Ligi Kuu ya Tanzania, mzee mpole ambaye kila simu huianza na habari za nyumbani, za kazi, za watoto, mpaka salio linakukatikia. Usiku ule hakusalimia.

"Ndugu yangu, huyu kijana wako tarehe zake zinagombana. Pasipoti inasema 2004. Kwenye usajili wa shirikisho lenu inasoma 2006. Nishike ipi?"

Rolex niliilipia nikaiacha palepale.

Niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, nimekulia Bombo, kaskazini mwa Kampala, baba alikuwa sajini. Kwetu Kiswahili hakikuwa somo la darasani. Wanubi, Waacholi, Walugbara, Waganda, kila mtu alikuwa na lugha ya kwao, lakini ukitaka kugombania penalti uligombana kwa Kiswahili. Kampala nimekutana na watu wengi wanaokiona ni lugha ya amri na kipigo, na siwalaumu, maana wengine walikisikia mara ya kwanza kwenye kizuizi cha wanajeshi barabarani. Mimi kimenilisha. Nilipoingia kwenye uwakala wa wachezaji nilijua milango ya Ulaya haitafunguka kwa sababu nimebisha hodi, ila Dar es Salaam naweza kupiga simu nikaongea na katibu mwenyewe. (Ananicheka, kusema kweli. Anasema nikiuliza habari za asubuhi ni kama nakagua gwaride.) Na njia ilishachongwa na wengine: Emmanuel Okwi alitoka SC Villa akaenda kupendwa Simba kuliko hata nyumbani, na Khalid Aucho akaja kuwa nguzo ya Yanga.

Leseni niliipata kwa shida. FIFA ilirudisha mtihani wa mawakala mwaka 2023: maswali 20, dakika 60, upate angalau 15. Unaruhusiwa kufungua kitabu cha kanuni, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika, kwa sababu dakika 3 hazitoshi kutafuta kitu ambacho hujui kimekaa ukurasa gani. Aprili nilipata 13. Septemba nikapita. Ukishapita unalipa dola 600 kwa mwaka, na leseni ni ya mtu, si ya kampuni. Uwe na ofisi ya vioo Kololo, kama huna leseni huruhusiwi kukaa mezani na klabu kwa niaba ya mchezaji. Ofisi yangu mimi ilikuwa begi la mgongoni.

Kijana nilimwona Novemba, akichezea timu ya daraja la pili, kwenye uwanja ambao beki akiteleza vumbi linamfunika hadi kiunoni. Kiungo mkabaji, mguu wa kushoto. Mabao hana, chenga hana. Kilichonishika ni shingo yake. Kila mpira ukielekea kwake, kabla haujafika alikuwa ameshatazama nyuma mara mbili, kushoto na kulia, kama mtu anayetaka kuvuka barabara ya Bombo jioni. Hilo halifundishiki ukubwani. Siku ya tatu nikamfuata nyumbani kwao, na kumbe ni Bombo vilevile, mtaa wa pili kutoka kwetu.

Mkataba wa uwakilishi ulikuwa wa miaka 2, kwa kuwa kanuni haziruhusu zaidi ya hapo. Nilimsomea mama yake kipengele kwa kipengele, naugeuza kwa Kiswahili papo hapo. Alisikiliza huku akichambua maharage. Nilipomaliza akauliza swali moja tu:

"Akivunjika mguu, mwanangu, nani analipa?"

Hakikuwemo kipengele hicho, wala hakikuwa kwenye rasimu ya klabu. Nikakiandika kwanza kuliko kitu kingine chochote.

Basi, turudi kwenye tarehe. Uhamisho wa kimataifa unapita kwenye mfumo wa FIFA unaoitwa TMS. Klabu zinapandisha nyaraka humo, kisha shirikisho la huko aendako linaomba ITC, yaani hati ya uhamisho, kutoka shirikisho la huku atokako. Bila ITC anaweza kufanya mazoezi mpaka achoke, mechi ya ligi hachezi. Na ibara ya 19 ya kanuni za uhamisho inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia nchi nyingine. Ipo misamaha, kwa mfano wazazi wakiwa wamehama kwa sababu zisizo za mpira, au mtoto anakaa karibu na mpaka, lakini hakuna hata mmoja uliomhusu kijana wa Bombo anayekwenda Tanzania peke yake. Alizaliwa tarehe 14 Machi. Kwa mwaka 2004 alikuwa na miaka 19. Kwa mwaka 2006 alikuwa mtoto wa miaka 17, na hapo habari imekwisha.

Asubuhi nilimweka kijana chini. Hakuzunguka sana. Akiwa sekondari, mwalimu wa michezo alimpunguzia miaka 2 ili acheze mashindano ya wadogo. Fomu ya shule ikaenda na 2006, usajili ukafuata fomu. Kitambulisho cha taifa kilishatolewa zamani kikiwa na 2004, na pasipoti ikafuata kitambulisho. Wachezaji wangapi wa kwetu wametembea na umri wa aina mbili, mmoja wa uwanjani na mmoja wa nyumbani? Shule ndizo zinazokuza mpira wa Uganda, sitabisha, lakini shule inataka kombe mwaka huu, na mtoto atakuwa na miaka 20 mwaka ambao mwalimu alishahamia kwingine.

Nilichokuwa sikutegemea ni kwamba kijana hakutaka tusahihishe.

"Kaka, acha ibaki 2006. Tubadilishe kitambulisho. Ulaya wanapenda wadogo."

Na hakuwa peke yake. Jioni ile nikapigiwa na mtu nisiyemjua, sijui namba yangu aliitoa wapi, akaniambia ana watu wake, kwa shilingi 1,500,000 za Uganda atanipatia nyaraka zote mpya zenye 2006. Tusubiri tu Machi 14, kijana atimize 18 "rasmi", tumpeleke Julai akiwa bidhaa ya moto. Nitakuwa mkweli: niliipiga hesabu. Kiungo wa miaka 18 na kiungo wa miaka 20 wanaweza kuwa na miguu ileile, lakini bei yao si moja. Nililala nayo usiku mmoja.

Kilichonirudisha akili si ucha Mungu. Alama zake za vidole zilishachukuliwa na taifa zikiwa na 2004. Ukishatengeneza uongo wa pili unalazimika kuulinda kila mpakani, kila ubalozini, kila akiuzwa. Mimi leseni yangu ilikuwa na miezi 2. Ila kijana hakujali leseni yangu, na sikuwa na neno la kumgeuza. Nikampeleka kwa mama yake.

Mama alisikiliza yote. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti. Ndani yake kavera, yaani mfuko wa plastiki, ndani ya kavera karatasi zimefungwa kwa uzi. Akatoa kadi ya kliniki, ngumu kidogo, kona moja imegugunwa na panya. Muhuri wa hospitali ulikuwa umefifia lakini unasomeka. Kwa wino wa buluu: 14/3/2004, kilo 3.1, mvulana, chanjo ya BCG, ya polio, na saini za wauguzi zikishuka chini mwezi baada ya mwezi.

"Huyu nilimzaa Jumapili," alisema, hakunitazama mimi, alimtazama mwanawe. "Baba yako alikuwa Gulu vitani. Alikuja akakuona una miezi 4. Mwaka 2005 wote hakukanyaga hapa. Sasa huyo wa Machi 2006 mnaomwandika kwenye mpira, nimempata na nani?"

Kijana aliinama. Mimi pia niliinama, ingawa sikuulizwa. Hatukuzungumza tena habari za 2006.

Dirisha dogo lilitupita. Katibu alinielewa, akasema Julai kama kocha bado yupo na anamtaka, tutaongea, na kila anayefanya kazi hii anajua hiyo "kama" ina uzito gani. Miezi iliyofuata sitaisimulia yote kwa kuwa ilikuwa ya foleni. Cheti cha kuzaliwa, kwa kutumia ile kadi. Kiapo cha mama mbele ya wakili. Barua ya kijana kwa mkono wake, na hapa niligoma kumwandikia. Nilimwambia aeleze kama ilivyotokea, na aliandika kurasa 2 ambazo mimi nisingeweza kuziandika. Mtu mmoja alitushauri tufanye kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono, kile wanachofanyiwa vijana wa mashindano ya chini ya miaka 17. Kile kinasaidia kumkamata aliyezidi 17. Mwaka wa kuzaliwa hakikuambii. Tukaokoa pesa hizo. Tuliitwa, akahojiwa, akapewa onyo la maandishi, tarehe ikarekebishwa. Ilikuwa Mei.

Jambo lililonipendeza ni katibu. Alipopata taarifa kwamba tumejisahihisha wenyewe, alisema, "Sasa naona nafanya kazi na mtu," na kuanzia hapo akarudia kuniuliza habari za watoto.

Rasimu mpya ya mkataba ilikuja Juni, na ilikuwa na sentensi moja iliyojificha ukurasa wa mwisho: mkataba utaanza kutumika endapo mchezaji atafaulu vipimo vya afya na kupata kibali cha kazi. Ukisoma haraka unaona ni jambo la busara. Lakini kanuni za FIFA zinakataza mkataba ulioshasainiwa kutegemea vipimo au kibali. Klabu ipime kwanza, isaini baadaye. Vinginevyo kijana anaacha timu yake, anafika, kocha anabadili mawazo, na ghafla kibali "kimechelewa". Nikaomba ifutwe. Ikafutwa bila ugomvi, nadhani ilikuwa imenakiliwa tu kutoka mkataba wa zamani. Niliongeza pia tarehe kamili ya kulipwa dau la usajili. Hapo nilikuwa namkumbuka Okwi: Simba walimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia Januari 2013 kwa dola 300,000, na zile pesa zikageuka kuwa hadithi ya miaka. Kama klabu kubwa kama ile ilizungushwa, mchezaji wa Bombo atamshitaki nani?

Safari tulipita Mutukula kwa basi, kijana na kadi yake ya homa ya manjano mkononi kuanzia Masaka, hakutaka kuiweka mfukoni. Afisa wa mpakani alitazama pasipoti, akamtazama, akauliza kwa Kiswahili cha haraka cha Kagera alizaliwa lini. Alijibu kabla swali halijaisha.

ITC ilitoka siku ya 4. Alianzia benchi, akaingia mechi ya tatu dakika za mwisho, nami niliangalia kwenye simu, na picha ilikuwa ya mawimbi. Shingo niliiona.

Pesa sasa, maana najua mnasubiri. Mshahara wake ni dola 1,500 kwa mwezi. FIFA iliweka kikomo cha ada ya wakala kuwa 5% kwa mshahara usiozidi dola 200,000 kwa mwaka, na 3% kwa kiasi kinachozidi hapo. Mwisho wa Desemba 2023 sehemu hiyo ilisimamishwa kwa ajili ya kesi za mawakala wakubwa wa Ulaya. Kesi zao haziwahusu watu wa begi la mgongoni, nikabaki na 5% yangu. Ni dola 225 kila miezi 3. Malipo ya kwanza yalipoingia nilifungua daftari langu la matumizi: pasipoti shilingi 250,000, wakili, boda, nakala, mabasi, jumla 1,340,000, kabla hata ya zile dola 600 za leseni. Zile 225 zilikuwa kama 820,000. Nilimnunulia mama kilo 5 za sukari na kitambaa, nikapanda teksi kwenda Bombo kumrudishia kadi yake.

Aliipokea, akaikagua mbele na nyuma kama anayehesabu chenji, akairudisha kwenye kavera. Kisha akafungua ule uzi tena na kutoa kadi nyingine. Ni ya mdogo wake yule kijana, ana miaka 15, naye anacheza, wanasema ni hodari kuliko kaka yake. Nikamwambia, Mama, huyo siruhusiwi hata kumgusia habari za mkataba mpaka ibaki miezi 6 afikie umri wa kusaini, na hapo kwa idhini yako kwanza.

"Basi usimgusie," akasema, akinisogezea kadi. "Soma tu tarehe."