Barua pepe kwa mama kutoka ufukwe wa Tanganyika

Mama hapati usingizi nikipitisha siku mbili bila kumpa habari zangu, na kule nilikokuwa nakwenda, kusini mwa Milima ya Mahale, simu haishiki. Ndiyo maana nilibeba redio.

Nina leseni ya redio ya ridhaa ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na alama yangu ya mwito huanza na 5H kama za Watanzania wenzangu. Barua nazipitisha Winlink, huduma inayoendeshwa na watu wa kujitolea. Kompyuta inageuza maandishi kuwa milio, redio inairusha kwa mawimbi mafupi (shortwave), kituo chenye intaneti kinaidaka na kuipeleka kwa mama kama barua pepe ya kawaida. Kabla sijaondoka nilimwandikia kwanza, maana Winlink huzuia barua za mtu usiyewahi kumwandikia, labda aweke //WL2K kwenye mada. Mdogo wangu, anayemsomea, nilimsisitiza asiweke picha. Kikomo ni kilobaiti 120, na kwa redio ndogo ya wati 20 hata hizo ni mzigo mzito.

Mchana wa kwanza nilitundika antena, waya wa mita 10 uliokatwa katikati kwa ajili ya masafa ya megahezi 14, kwenye mwembe wa kambi ya wavuvi wa dagaa. Nikasikia mngurumo mtupu. Niliita vituo vitatu, kimya. Nikazima kompyuta, mngurumo uleule. Nikaanza kuzunguka kambi nikitafuta, mpaka nikaona kwenye nguzo kidhibiti cha sola kinachochaji betri za taa za kuvulia. Nikamwomba kijana mmoja akichomoe kidogo. Redio ikatulia papo hapo.

Lakini zile taa ndizo riziki yao ya usiku, nisingeweza kuwaambia wasichaji. Nikabeba kila kitu kupanda mlima, hatua kama mia mbili. Saa tisa alasiri kituo cha Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka pale, kikaitikia. Nikaona mistari yangu minne inakwenda kipande kwa kipande, mpaka ikaisha. Kesho yake nilipounganisha, jibu lilikuwepo: "Mama ameipata. Anauliza mnakunywa maji ya wapi."

Nilimjibu kwamba tunachemsha.

Siku ya tatu mzee wa kambi akanifuata mlimani. "Mwanangu, niulizie bei ya dagaa Kigoma leo." Ilibidi nimkatalie, na iliniuma, maana alikuwa amenipa samaki tangu nifike. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kubeba biashara, wala huwezi kuficha ujumbe kwa msimbo. Yeyote mwenye redio anaweza kusikiliza. "Mzee, wakinikuta nafanya biashara nanyang'anywa leseni," nikamwambia. "Ila mgonjwa akizidiwa hapa, usiku au mchana, niamshe." Akakaa kwenye jiwe, akaniomba nimwonyeshe kituo kile kiko upande gani. Nikamnyooshea mkono kusini, ng'ambo ya maji.